Kikombe cha Bati

Mwaka 2014 nilikuwa nikisoma shahada ya uzamili katika shule ya uhandisi ya chuo kimoja mkoani Arusha, na msimamizi wangu alishikilia kwamba utafiti wangu wa kuchuja maji niufanye pamoja na mwanakemia na mwanasosholojia. Mwanakemia nilimwelewa. Yule wa pili, dada mpole asiyeachana na daftari lake, nilimhesabu kuwa abiria tu, jambo ninaloliandika kwa aibu.

Tatizo lenyewe ni la siku nyingi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi katika chemchemi na visima, ndiyo maana wenyeji wengi wa upande ule wana meno ya kahawia. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, huinasa floraidi hiyo. Vipimo vya maabara vilipoonesha maji yetu yameshuka chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, niliona kazi imekwisha.

Tulipeleka chujio la ndoo mbili kwa mama mmoja wa kata ya Maji ya Chai. Wiki moja baadaye tulikuta limefunikwa kanga kuukuu, na juu yake sinia la vyombo. Nikaanza kumweleza habari za haidroksiapataiti, yale madini ya mfupa yanayonasa floraidi. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akafungua koki, akakinga maji katika kikombe cha bati na kunipa.

"Nusa kwanza, mwanangu."

Nilinusa, nikamwambia ni mkaa tu. Dada wa daftari yeye alimwuliza harufu ile inamkumbusha nini.

"Kichwa cha mbuzi kikibabuliwa," alijibu mama.

Jioni ile, aliposomewa maneno hayo, mwanakemia aliacha kula: harufu ya manyoya yanayoungua maana yake ni kwamba protini bado imo ndani ya mfupa. Kesho yake tulifungua tanuri. Kipimajoto nilikuwa nimekiweka katikati, mahali penye moto mkali kuliko pote, na mifupa ya pembeni ilikuwa ya hudhurungi, yenye mafuta yaliyoshika vidoleni. Kwa kuwa tulikuwa tukipima floraidi peke yake, kila awamu ilifaulu.

Tulichoma upya, safari hii tukiwa na vipimajoto vitatu, na katika jedwali la matokeo ikaongezwa safu ya harufu, ambayo mwanakemia aliinung'unikia mpaka siku ya kutetea tasnifu. Tuliporudi, mama alinusa, akanywa kikombe kizima, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Sasa niambieni," akasema, "mkaa huu ukichoka, nitajuaje?"

Floraidi haina rangi wala harufu. Tulitazamana wote watatu, na dada akafungua ukurasa mpya.