Siku moja na jeni ya tumbawe laini

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye daladala la Mbagala nimesimama, akili yote iko kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria. Jana nimemwaga bakteria kwenye sahani, umeme ukiwa ulikatika usiku ndo basi tena.

Saa 2. Umeme ulikuwepo. Ila sahani ya kwanza bluu tupu jamani! Iko hivi, kipande cha jeni tunakichomeka kwenye plazmidi (kipete kidogo cha DNA) halafu tunaiingiza kwa bakteria E. coli, koloni (kishada cha bakteria) ikiota nyeupe kuna matumaini kipande kimeingia, ikiota bluu ujue plazmidi imejifunga yenyewe imerudi mikono mitupu. Sahani ya pili nimepata nyeupe 7, nikazidonoa na vijiti vya meno, nikapeleka PCR, yaani kunakili kipande mara nyingi ili nikione.

Saa 4, chai na chapati. Dada wa usafi kaniuliza kila siku unahangaika na nini, nikamwambia kuna tumbawe linaitwa Sarcophyton, limekaa kama uyoga, aina nyingine ukilichana nyuzi zinavutika kama utomvu wa fenesi. Nyuzi zile ni kolajeni, protini kama ya kwenye ngozi yetu. Mimi natafuta jeni yake. Kimbembe ni kwamba tumbawe lina ute kama bamia, unaziba pipeti, halafu ndani ya nyama yake wanaishi vijimwani (mwani wadogo sana), ukitoa RNA (nakala za jeni) inatoka ya wote. Mwezi uliopita kloni 3 (vipande tulivyovinasa kwenye bakteria) nilizozishangilia zilikuwa za vijimwani.

Saa 7 jeli, ya kupanga vipande vya DNA kwa urefu: kwenye 7, nne zina mstari pale ninapotaka. Sawa.

Saa 10 ndo mambo. Majibu ya sekwensi (mpangilio wa herufi za DNA) za kundi la nyuma yameingia kwenye email. Nafungua, vilele vya rangi nne, kila rangi herufi yake, nasoma GGT, naruka herufi sita, GGA, naruka sita, GGC, naruka sita, GGA tena!! Protini ni mnyororo wa amino asidi, kila moja inaandikwa kwa herufi tatu; kwenye kolajeni kila amino asidi ya tatu ni glaisini, na glaisini lazima ianze na GG. Nimepiga kelele mpaka mtu wa chumba cha pili kaja kuchungulia. Nikaitupia BLAST, programu ya kulinganisha sekwensi na zinazojulikana, juu kabisa kolajeni za matumbawe, kijimwani hata kimoja hamna.

Ila katikati vilele viwili vimepandana, na herufi moja tu ikipungua mpangilio wote unahama, kwa hiyo lazima niisome na praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia usomaji) ya upande wa pili kabla sijamwonyesha profesa.

Saa 12 jioni. Zile nyeupe 4 nimeziweka kwenye mchuzi wa LB, chakula cha bakteria, nyuzi 37, zitikiswe mpaka asubuhi. Umeme tafadhali.