Uzamili wa Elimu Unampeleka Mwalimu Wapi?

Kila msimu wa udahili unapokaribia, walimu huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: nikisoma uzamili wa elimu, nitakuja kufanya kazi gani? Nalipenda swali hilo, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kushika chaki kwa miaka kadhaa, anayeijua kazi yake vizuri, na anayetaka kuhakikisha kwamba masomo zaidi hayatamlia akiba na jioni zake bure. Mimi nilifundisha sekondari kabla ya kusomea upimaji na tathmini ya elimu, na tangu hapo riziki yangu imetokana na kuandaa mitihani, kuichambua, na kusimamia tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Nimewaona wengi wakihitimu na nimefuatilia walikofikia. Kwa niliyoyaona, jina la shahada huamua mambo machache sana. Kinachoamua ni stadi moja ambayo mtu ameichimba mpaka akaimudu, na stadi hiyo aghalabu hupatikana wakati wa kuandika tasnifu kuliko katika ukumbi wa mihadhara.

Utata wa shahada za juu za elimu, kwamba haijulikani zinamwandaa mtu kuwa nani, ni wa zamani. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilipoanza kutoa shahada ya Ed.D., yaani udaktari wa elimu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, nia ilikuwa kuwapa watendaji wa elimu shahada ya juu ya taaluma yao, iliyo tofauti na ile ya uzamivu ambayo huwaandaa watafiti. Miaka ikapita na mpaka ukafifia: waliosomea utendaji wakawa wanaandika tasnifu zilezile za watafiti, na watafiti nao wakawa wanaajiriwa kuwa watendaji. Ilipofika mwaka 2007, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani viliungana katika mradi wa Carnegie, taasisi ya kuendeleza ufundishaji, ili kuiunda upya shahada hiyo irudi kwenye shabaha yake. Mwanafunzi wa leo anaweza kujifunza jambo moja hapa: asitegemee chuo kimwamulie anakokwenda, maana mara nyingi chuo chenyewe bado kinajadiliana.

Njia ya kwanza, ambayo watu huiruka haraka mno, ni kubaki darasani. Nchini Ufini, tangu mwaka 1979, mwalimu wa shule ya msingi anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Kule shahada hiyo ndiyo mlango wa kuingilia darasani, ilhali katika mifumo mingi ya elimu imegeuka kuwa mlango wa kutokea. Mwalimu anasoma kwa bidii jinsi watoto wanavyojifunza kusoma, anaandika tasnifu nzuri kuhusu wanaochelewa kutambua herufi, kisha shukrani anayopewa ni kuhamishiwa ofisini ambako hatamwona tena mtoto anayehangaika na herufi. Jambo hili linaniuma. Silaumu anayeondoka, kwa kuwa muundo wa mishahara ndio unaomsukuma: kama mwalimu hawezi kupanda daraja bila kuacha kufundisha, ataacha kufundisha. Singapore ilitambua hilo na mwaka 2001 ikaweka njia tatu za kupanda, yaani ya ufundishaji, ya uongozi na ya ubingwa, hivi kwamba mwalimu anayependa darasa anaweza kupanda ngazi hadi juu huku akiendelea kuwa mwalimu na mlezi wa walimu wenzake. Mahali ambapo njia kama hiyo ipo, mwenye uzamili hana sababu ya kuona haya kubaki na wanafunzi wake.

Njia ya pili ni uongozi: mkuu wa shule, ofisa elimu, mthibiti ubora, mkuu wa chuo cha ualimu. Hii ndiyo wengi huifikiria kwanza, na sitaizungumzia sana. Nitasema tu kwamba kumudu kufundisha na kumudu kuongoza ni mambo mawili. Mkuu wa shule hushinda na bajeti, ratiba, migogoro ya walimu, wazazi wenye malalamiko na paa linalovuja, na aliyesomea mbinu za kufundisha fasihi hukuta kwamba shahada yake haikumgusia hata moja kati ya hayo. Anayeutaka uongozi asomee uongozi na utawala wa elimu, na wakati anasoma akubali kuwa makamu, msimamizi wa taaluma au katibu wa kamati, ili anapoingia ofisini asiwe mgeni.

Kuhusu upimaji nitaongea kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoijua kwa mikono yangu na ambayo walimu wengi hawajui kwamba ipo. Mabaraza ya mitihani, bodi za taaluma, idara za udahili za vyuo vikuu na mashirika yanayofuatilia ujifunzaji wa watoto yanawahitaji watu wanaojua kutunga swali, kulijaribu na kusoma takwimu zake. Chukua mfano wa swali moja la hisabati: umbo lipi kati ya haya ni mstatili? Chini yake kuna picha nne: mraba, pembetatu, duara, na umbo refu lenye pembe nne za mraba. Mtunzi alikusudia lile umbo refu. Matokeo yanaporudi, mchambuzi anakuta jambo la ajabu: wanafunzi waliofanya vizuri katika mtihani mzima wamelikosa swali hili kuliko waliofanya vibaya. Sababu ni kwamba wanafunzi hodari wanajua kuwa mraba nao ni mstatili, kwa hiyo wengine wakauchagua mraba, wengine wakaganda kati ya majibu mawili yaliyo sahihi. Swali limewaadhibu wanaojua. Mwalimu wa kawaida huona tu kwamba darasa limefeli swali la saba. Aliyesomea upimaji hulinganisha waliolipata na waliolikosa, hugundua kasoro iko wapi, huliondoa swali kwenye hesabu ya alama na kumweleza mtunzi alipoteleza. Kazi hii haina sifa za hadharani, lakini hatima ya maelfu ya watoto hupita mikononi mwa anayeifanya.

Waliofungua njia hii walitoka katika idara za elimu. Ralph Tyler, Mmarekani, alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1927, akasimamia tathmini ya utafiti mkubwa wa miaka ya 1930 uliowafuata vijana kutoka shule za sekondari hadi vyuoni, na baadaye akawa miongoni mwa waliobuni upimaji wa kitaifa wa Marekani ulioanza mwaka 1969. Benjamin Bloom, ambaye ngazi zake za malengo ya kujifunza za mwaka 1956 hufundishwa katika kila chuo cha ualimu ninachokijua, naye alipata uzamivu Chicago, mwaka 1942, na alikuwa ofisa wa mitihani wa chuo kikuu hichohicho. Zile ngazi zilizaliwa katika mazungumzo ya watahini waliotaka kubadilishana maswali. Gene Glass, mtu wa takwimu za elimu, ndiye aliyependekeza mwaka 1976 jina la meta-analisisi kwa mbinu ya kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kuwa jibu moja, na leo madaktari huitegemea mbinu hiyo wanapoamua dawa ipi inafanya kazi. Nawakumbusha wanafunzi wangu habari hii kila wanapodhani kwamba elimu ni taaluma ya kuazima tu kutoka kwa wengine.

Hapo ndipo njia nyingine inapoonekana, ile ya kufundisha watu ambao si wanafunzi wa shule. Hospitali, benki, majeshi, mashirika ya ndege na kampuni za programu zote hutoa mafunzo kazini, na mafunzo hayo huandaliwa mara nyingi na watu wanaolijua jambo lenyewe bila kujua namna ya kulifundisha. Mtaalamu wa usanifu wa mafunzo huingia hapo. Kwa mfano, anapewa rasimu ya kozi ya wafamasia yenye lengo lisemalo kwamba mshiriki ataelewa umuhimu wa usalama wa dawa. Analifuta na kuandika: mshiriki, akipewa cheti cha daktari chenye dozi iliyozidi, ataitambua kasoro hiyo kabla ya kutoa dawa. Badiliko hilo moja linabadili kozi nzima, kwa sababu sasa inabidi vyeti halisi vya mfano viletwe, mazoezi yapangwe, na mtihani wa mwisho uwe wa kukagua vyeti badala ya kueleza maana ya usalama. Njia hii nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1950, daktari George Miller wa Chuo Kikuu cha Buffalo aliwaita wenzake wa kitivo cha elimu wamsaidie kuchunguza jinsi madaktari wanavyofundishwa. Mmoja wao, Stephen Abrahamson, ambaye uzamivu wake ulikuwa wa elimu, alihamia University of Southern California mwaka 1963 na kuanzisha huko idara ya utafiti wa elimu ya utabibu. Leo vitivo vingi vya utabibu duniani vina kitengo cha namna hiyo, na wenye shahada za elimu huajiriwa humo.

Ziko njia nyingine ambazo hazina foleni ndefu lakini zimewafikisha watu mbali. Carl Rogers, ambaye mtindo wake wa kumsikiliza anayeshauriwa uko katika kila kozi ya ushauri nasaha, alipata uzamivu Teachers College ya Columbia University mwaka 1931 na alianza kwa kuwahudumia watoto wenye matatizo huko Rochester. Shirley Chisholm alisomea uzamili wa elimu ya awali chuoni hapohapo, akaendesha vituo vya kulelea watoto, na mwaka 1968 akachaguliwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani. Kwame Nkrumah alipata shahada ya uzamili ya elimu University of Pennsylvania mwaka 1942, miaka 15 kabla ya kuiongoza Ghana kupata uhuru. Siwataji ili kila mwalimu ajione mbunge mtarajiwa. Chisholm hakuingia katika siasa kwa kutikisa cheti. Aliwajua akina mama waliohitaji mahali pa kuwaacha watoto wao, na kuwajua kwake kulitokana na kazi ileile aliyoisomea.

Uhadhiri nimeuacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndio unaotamaniwa kuliko yote na ndio unaovunja mioyo mingi. Nafasi za kudumu ni chache kuliko wahitimu wa uzamivu, na vyuo vingi vimezoea kuwatumia wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa kozi. Uzamili peke yake humfikisha mtu kwenye usaidizi wa mhadhiri. Baada ya hapo anatakiwa uzamivu na machapisho katika majarida yanayotambulika. Ninayemshauri aelekee huko ni yule ambaye tayari anaandika bila kusukumwa, anayesoma makala za wenzake kwa hamu, na aliye tayari kurudishiwa andiko mara kadhaa kabla halijakubaliwa. Anayetaka tu kuitwa daktari namwambia wazi kwamba miaka ya uzamivu ni mirefu mno kwa zawadi hiyo.

Narudi kwenye tasnifu, kwa kuwa ndipo ninapowaona wanafunzi wakipoteza nafasi yao. Mada inayopendwa sana ni ya kuchunguza mitazamo ya walimu kuhusu jambo fulani: hojaji inasambazwa, asilimia zinahesabiwa, na hitimisho linasema serikali iongeze vifaa. Kazi hiyo hupita mbele ya watahini, lakini mwandishi wake akiulizwa kwenye usaili anajua kufanya nini, hana la kuonyesha zaidi ya cheti. Nilimsimamia mwalimu mmoja aliyeomba majibu halisi ya mtihani wa majaribio wa shule za eneo lake, akajifunza programu ya takwimu usiku baada ya vipindi, akachambua swali moja baada ya jingine, na kwenye usaili wa kazi alifungua kompyuta na kuwaonyesha maswali yaliyokuwa na kasoro na jinsi alivyoyarekebisha. Mwingine alitengeneza moduli kamili ya kuwafundisha wazazi kuwasomea watoto wao, akaijaribu, akaandika kilichoshindikana. Shirika lililomwajiri liliisoma moduli kabla ya kusoma wasifu wake.

Kwa hiyo mwalimu anaponiuliza achague chuo kipi, namwomba afike maktaba ya chuo anachokifikiria, au aingie kwenye hazina yao ya mtandaoni, asome vichwa vya tasnifu za miaka ya karibuni, kisha awatafute waandishi watatu au wanne na kuwauliza wanafanya kazi gani sasa na ni sehemu ipi ya masomo wanayoitumia kila wiki. Wengi hujibu kwa moyo mkunjufu, na baadhi yao husema jambo ambalo hakuna kipeperushi cha udahili kitakachoandika: kwamba msimamizi fulani husoma rasimu na kuzirudisha kwa wakati, na mwingine hupotea muhula mzima.