Haraka ya nyonga na haraka ya aota

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi mguu huonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo hugeukia nje, naye hutulia tuli kwa kuwa kujigeuza tu ni mateso. Kwa miaka mingi takwimu zilionyesha kwamba wanaocheleweshewa upasuaji hufa zaidi, nami nilizisadiki bila kujiuliza swali lililo wazi: je, hawakucheleweshwa kwa sababu hali zao zilikuwa mbaya tangu mwanzo?

Jibu la kuaminika hupatikana kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na ndivyo utafiti wa HIP ATTACK, uliochapishwa mwaka 2020, ulivyofanya kwa watu 2,970 katika nchi 17. Katika kundi la haraka, muda wa kati tangu kutambuliwa kwa mvunjiko hadi upasuaji ulikuwa saa 6. Katika kundi la kawaida, saa 24. Baada ya siku 90 walikuwa wamefariki asilimia 9 na asilimia 10, tofauti ndogo mno ya kuegemea. Hata hivyo, waliowahishwa walipatwa na hali ya kuchanganyikiwa kwa uchache zaidi, walisimama mapema na waliruhusiwa mapema, jambo ambalo kwa mtu wa miaka 80 silioni kuwa dogo.

Aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikipasuka tumboni, kusubiri hakuna mjadala. Utafiti wa IMPROVE, uliohusisha wagonjwa 613, wengi wao nchini Uingereza, ulihoji njia ya kuifikia: kupasua tumbo, au kupitisha bomba la kitambaa ndani ya mshipa kupitia kinena pale inapowezekana. Vifo vya siku 30 vilikaribiana, asilimia 37 na 35. Ilipofika miaka 3 ndipo mkakati wa bomba ulipoonyesha faida. Kinachonivutia ni kwamba mgawanyo ulifanywa kwa dhana ya daktari tu, kabla ya picha ya CT, kwa hiyo baadhi yao waligundulika baadaye kuwa aota haikupasuka, na bado walihesabiwa, kama inavyokuwa kazini.

Nirudi kwenye nyonga. Wagonjwa wapatao 320 wa HIP ATTACK walifika wakiwa na troponini iliyopanda, dalili ya moyo kuumia, na hao ndio ambao kwa desturi huahirishwa ili moyo utulie kwanza. Kati yao walifariki asilimia 10 upande wa haraka na asilimia 23 upande wa pili. Kundi ni dogo, na ningependa kuona hesabu hiyo ikirudiwa.