Kurekodi redio za intaneti: mradi ulipofikia

Nianze na anwani. Kicheza sauti cha kwenye tovuti huificha, lakini stesheni nyingi bado zinatoa faili dogo la .m3u au .pls. Ukilifungua kwa programu ya maandishi unakuta mistari michache tu, na anwani halisi ya mtiririko imo humo. Zangu nimezikusanya mahali pamoja. Zinazoishia .m3u8 ni kabila jingine: seva hukata sauti vipande vya sekunde chache chache na kusasisha orodha kila mara, basi hizo naiachia ffmpeg, programu ya amri ya kushughulikia sauti na video, ihangaike nazo.

Kurekodi kwenyewe ni amri moja:

ffmpeg -i ANWANI -c copy -t 3600 kipindi.mp3

Hayo maneno -c copy ndiyo roho ya mradi. Kompyuta haibani sauti upya. Inapokea baiti na kuziandika kwenye diski kama zilivyotumwa, na hata mashine kuukuu inarekodi stesheni kadhaa kwa mpigo. Nafasi nayo si tatizo: kilobiti 128 kwa sekunde ni baiti 16,000, kwa saa megabaiti 57.6. Wapo wanaogeuza rekodi kama hiyo kuwa kilobiti 320 wakidhani wameongeza ubora. Wameongeza uzito wa faili tu.

Stesheni zinazotumia AAC, muundo mwingine wa kubana sauti, siziandiki kwenye .m4a. Kwa kawaida faharasa ya faili la namna hiyo huandikwa mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kipindi halifunguki tena. Naandika .aac tupu. MP3 haina usumbufu huo, maana kila fremu, yaani kipande kidogo cha sauti, ina kichwa chake na hubeba sauti ya kama milisekunde 26. Faili lililokatwa ghafla hucheza mpaka pale lilipoishia.

Majina ya nyimbo ndiyo yaliyonikalisha macho. Ukiongeza Icy-MetaData: 1 kwenye ombi lako, seva ya SHOUTcast au Icecast (programu za kurushia redio mtandaoni) hujibu, mathalani, icy-metaint: 16000. Maana yake ni kwamba kila baada ya baiti 16,000 za sauti inakuja baiti moja ya urefu. Izidishe kwa 16, unapata idadi ya baiti za maandishi yanayofuata. Mara nyingi ni sifuri, yaani jina ni lile lile. Wimbo ukibadilika unaona StreamTitle='...', halafu sifuri za kujazia nafasi. Ukisahau kuyachomoa maandishi hayo, yanabaki ndani ya sauti na unasikia mikwaruzo. Kwa stesheni ya kilobiti 128 hesabu inaangukia pazuri: taarifa moja kila sekunde.

Nilitaka nyimbo zijikate zenyewe kwa majina hayo. Sitaki tena. Jina huweza kutangulia wimbo au kuchelewa, na watangazaji wengi hupandanisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, kwa hiyo hakuna ukimya wa kupitisha kisu. Programu ya kurekodi ya Streamripper hujaribu kutafuta ukimya huo karibu na badiliko la jina. Kwa muziki wa dansi usiokoma haina pa kushika. Sasa nahifadhi saa nzima, na pembeni faili la maandishi lenye majina na muda wake. Ninachokihitaji nakikata kwa mkono kwa programu ya mp3DirectCut, ambayo haibani upya.

Mtandao kukatika: chaguo za ffmpeg -reconnect 1 -reconnect_streamed 1 zinasaidia, lakini kuna ugonjwa mbaya zaidi, pale muunganisho unapobaki hai bila baiti hata moja kupita. Dawa yake ni -rw_timeout 15000000, ambayo ni sekunde 15 kwa sababu inahesabiwa kwa mikrosekunde. Skripti yangu, faili lenye amri hizi, huanzisha upya na kuandika faili jipya lenye tarehe na saa kwenye jina, lisifute la kwanza.

Kuamsha kazi ni cron, kipanga ratiba cha Linux, na amri ya rtcwake huiamsha mashine iliyolala. Naanza dakika 2 kabla ya kipindi na kuongeza 5 mwishoni, kwani mtiririko huchelewa nyuma ya hewani. Stesheni za London zina lao: Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo ratiba zake nimeziwekea TZ=Europe/London kwenye skripti.

Kilichobaki ni ukataji wa kila saa bila kupoteza hata fremu. Najaribu -f segment ya ffmpeg. Mpaka sasa maungio ya MP3 ni safi, ya AAC bado nayasikiliza kwa hedifoni.