Raundi za ubingwa wa taifa

Wengi wakisikia mbio za magari Kenya wanafikiria Naivasha tu: wiki ya Safari Rally, nyama choma, bei za vyumba kupanda. Mimi nishawaachia. Raha yangu ni zile raundi nyingine za ubingwa wa taifa, kina Voi, Machakos na Nanyuki.

Voi ndiyo imeniteka. Udongo mwekundu mpaka kwenye kope! Magari hayaachiliwi pamoja, yanapishana kwa dakika kadhaa vumbi litulie, kwa hiyo unasikia injini ikinguruma kichakani kabla hujaona kitu. Mzee mmoja kando yangu alikuwa akitaja gari kwa mlio tu: "Hiyo ni Subaru." Na kweli, Impreza ikachomoza kona ikienda kiubavu. Akaanza kunisimulia madereva wa zamani, Ian Duncan na ile Toyota Celica aliyoshindia Safari Rally 1994, Patrick Njiru naye enzi zake, hata sikuona magari mawili yakipita.

Siku hizi madereva kina Karan Patel wako kwenye magari ya Rally2, daraja la kisasa. Yana kasi, sikatai. Lakini Mitsubishi Lancer Evo ya zamani ikipasuka mlio kwenye gia, jameni!