Mgongo wa bomba: hatimaye umepumua

Wiki tatu nagombana na mgongo mmoja wa bomba, yaani pale linapoinuka kuvuka kilima. Bomba langu mnalijua: linashuka kutoka tangini, linapanda kidogo kuvuka kilima, kisha linateremka hadi bustanini. Kila baada ya siku mbili maji yanakonda hadi kuwa uzi, halafu yanakohoa. Hewa, ndiyo. Kilichonitia wazimu ni kwamba valvu ya kutoa hewa ipo palepale mgongoni, mpya, yenye tundu la milimita 25.

Nimeifungua mara nne. Mchanga hamna, na boya, lile linaloelea ndani na kuziba tundu maji yakifika, ni zima. Nikijaza bomba inapumua kwa kelele, inaziba, basi, haifunguki tena. Nikabadilisha mpira. Nikabadilisha boya. Nikailaani.

Jana usiku nikashika kalamu. Mgongo uko mita 30 chini ya maji ya tangi, yaani presha ya karibu ba 3 (kipimo cha presha) koki zikiwa zimefungwa. Tundu lile lina eneo la karibu sentimita 5 za mraba, kwa hiyo presha inalibana boya juu kwa nguvu ya kilo 15 hivi. Boya lenyewe halifiki gramu 200! Maji yakishuka chini yake litaangukaje? Hata presha ikipungua nusu maji yakitembea, bado ni kilo 7 na ushee. Tundu kubwa kazi yake ni kutoa hewa wakati wa kujaza na kuingiza hewa wakati wa kumwaga. Hewa inayojikusanya bomba likiwa na presha inataka tundu dogo: la milimita 1.5 linalibana boya kwa gramu 50 na kidogo tu.

Leo asubuhi nimefunga valvu ya pili, ya tundu dogo, kwa tii (kiungo chenye umbo la T) kando ya ile kubwa. Fsss… tone moja… kimya. Baada ya dakika kumi, tena: fsss. Nilicheka peke yangu kilimani.

Halafu, jamani, geji kavu za kupimia presha, zisizo na kimiminika ndani, tuachane nazo. Sindano inatetemeka hadi huoni kitu. Iliyojazwa gliserini inasomeka.

Ratiba ilisema leo nitulize valvu ya kupunguza presha kule chini, ile inayopanda na kushuka bila kutulia. Nadhani nayo imenasa hewa kwenye kofia yake. Lakini nimepata wazo: kipande cha bomba angavu chini ya valvu ndogo, nione mapovu yakijikusanya. Kinachohimili ba 6 nimeshakikata, na tepu ya kuzibia nyuzi za viungo imeisha.