Mradi wa shamba la Miró: nimefika kwenye mti

Mambo zenu, mradi unasonga. Kwa ambao hawajafuata tangu mwanzo, nanakili La Masia, picha ya mchoraji Joan Miró, lile shamba la familia yake kule Mont-roig, Catalonia, Hispania, aliloanza kulichora 1921 akaja kulimalizia Paris 1922, halafu nikishamaliza naipunguza hiyo picha mwenyewe hatua kwa hatua hadi ifike pale alipofika yeye 1923-24, alipoanza kuchora vitu kwa alama chache tu.

Sahivi nipo kwenye ule mti mkubwa wa katikati. Shina linatoka kwenye duara jeusi tii chini kwenye udongo, na hapo ndo nimeganda muda mrefu, maana kila kitu kingine kimechorwa mpaka ukucha, konokono, mjusi, ndoo, keni ya kumwagilia, nyufa za ukuta wa nyumba, mwanamke anafua kule nyuma, alafu katikati ya yote hayo jamaa kaweka duara tupu, halina jani wala jiwe. Nyeusi yangu nimechanganya buluu nzito na kahawia, imekolea vizuri.

Kwangu abstrakti yake, yani kuchora kwa alama badala ya vitu vyenyewe, inaanzia kwenye hili duara, kabla hata hajaiacha hii staili. Wengi wanadhani mchoraji akienda huko ni kwamba vitu vimemchosha, mi nakataa kabisa, huyu alibeba nyasi za Mont-roig mpaka Paris ili azione anavyomalizia picha, mtu kama huyo anavijua vitu hadi akichora alama moja inatosha. Angalia picha yake ya Shamba Lililolimwa, mti umeota sikio kwenye shina na jicho kwenye majani, yani shamba sasa linakuona na kukusikia. Kwenye picha yake ya Mwindaji ndo kabisa, mti umebaki duara na jani moja, mwindaji mwenyewe kichwa pembetatu, na mdomoni ana kiko cha tumbaku, na bado ukikaa nayo unaona ni kulekule Catalonia.

Majani yakiisha naanza bodi ya pili ya kuchorea, ile ya kupunguza. Nyumba naitoa, keni naitoa, nabakiza duara, jogoo na ngazi ya kwenye banda la kuku. Ngazi siigusi, yeye mwenyewe aliendelea nayo hadi ile picha ya mbwa anaubwekea mwezi ya 1926. Ardhi naipaka njano ya udongo moja tu, bila kivuli, naanza nayo wikiendi.